Mashine ya Kukereza Isiuzwe Chuma Chakavu

Mashine ya kukereza vyuma iliyofanya kazi miaka 30 haichakai yote kwa pamoja. Mota yake hubadilishwa na gia zake huchongwa upya. Walakini zile reli za kitanda, ambazo juu yake kibebeo cha kisu hupita kikienda na kurudi, huliwa kidogo kidogo, na huliwa zaidi karibu na kichwa kinachoshika chuma, ambapo ndipo kazi nyingi ifanyikapo, hata ikafika siku fundi, ijapokuwa mkono wake ni ule ule na kisu chake kimenolewa vyema, akakereza shafti ikatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Hapo mwenye karakana huambiwa kwamba mashine imekwisha, akaiuza kwa kilo. Hukumu hiyo, kwa rai yangu, aghalabu ni ya haraka, na hasara yake ni kubwa.

Chuma kikisuguana na chuma, hata mafuta yakiwapo, kina taksiri moja ya kimaumbile: nguvu ya kuuanzisha mwendo ni kubwa kuliko nguvu ya kuuendeleza. Kwa hiyo kibebeo kikisukumwa polepole hukwama, kisha huruka, kisha hukwama tena, na fundi aliyekusudia kusogeza sehemu 1 ya mia ya milimita hujikuta amesogeza 3. Tefloni, aliyoigundua Roy Plunkett kwa sadfa nchini Marekani mwaka 1938, na ambayo wengi wetu twaijua kwa vikaango, yakaribia kuepukana na taksiri hiyo. Peke yake ni laini mno, nayo huliwa upesi. Bali ikichanganywa na unga wa bronzi, unga hubeba mzigo na kupitisha joto, tefloni ikatoa utelezi, na uchakavu ukapungua mara mia na zaidi.

Wala fikra ya kukiepusha chuma na chuma si ngeni. Mwaka 1854 Mwingereza John Penn, alipoona jinsi bushi za madini zilivyokuwa zikiliwa upesi na shafti za rafadha katika meli za moshi, alizifanya kwa mti mgumu wa visiwa vya Karibi, wenye utomvu wake wenyewe, ukalainishwa na maji ya bahari tu.

Kazi ya kukitengeneza kitanda yataka subira. Kwanza reli hunyoshwa kwa kusagwa au kukwanguliwa. Kisha ukanda wa mchanganyiko ule, unene wake milimita 1 hadi 3 hivi, hugandishwa kwa epoksi chini ya kibebeo, si juu ya reli. Na kwa kuwa tefloni haikubali gundi, upande mmoja wa ukanda hutiwa dawa kiwandani ukawa na rangi ya hudhurungi iliyokoza; fundi asiyelijua hilo, akaugandisha kwa upande usiotiwa dawa, kazi yake yote itabanduka. Baada ya hapo reli hupakwa wino wa buluu, kibebeo kikapitishwa juu yake, na kila palipoingia doa hukwanguliwa kwa mkono, tena na tena, mpaka madoa yaenee sawasawa. Ndipo vijia vya mafuta huchongwa. Kibebeo kilichokuwa kimezama kwa uchakavu hunyanyuka, nayo skrubu ndefu ikalingana tena na nati yake. Hapana budi, hata hivyo, kuweka vifuto imara mbele na nyuma, maana chenga za chuma zikiingia hujichomeka katika ukanda na kuikwaruza reli.

Kinachotupungukia zaidi ni mikono. Vyuo vyetu vya ufundi humfundisha kijana kuiendesha mashine, na ni vyema. Lakini kukwangua, amali isiyotaka umeme wala mtambo wa thamani, ingefaa ipewe nafasi yake katika kila karakana ya chuo, pamoja na elimu ya mchanganyiko huu. Na wewe mwenye mashine, kabla hujamwita mnunuzi wa chuma chakavu, mwite kwanza fundi aje na rula iliyonyooka, apime kitanda kimeliwa kiasi gani.