Taa na Wavu: Utetezi wa Mzazi wa Nyasa

Yako maneno ambayo siku hizi hutoka kwa wepesi vinywani mwa wasomi: kwamba mzazi wa kijijini akinung'unika juu ya simu na vishikwambi darasani, hunung'unika kwa kuwa hajui; na dawa ya asiyejua ni kufundishwa, si kusikilizwa. Maneno haya nayapinga. Nayapinga kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu humvunjia heshima mtu ambaye mtoto ni wake.

Na tuanze ziwani. Mvuvi wa mwambao wa Nyasa, tangu Lituhi na Liuli hata Mbamba Bay, huvua usipa usiku kwa taa. Samaki wale wadogo huuona mwanga, huufuata, hukusanyika chini yake. Kisha wavu hupandishwa. Taa haikutenda kosa lo lote. Ila mvuvi ajua jambo ambalo muuza taa hapendi kulitaja: penye taa pana wavu, na penye wavu pana mwenye wavu. Mtu wa namna hii akimwona mwanawe ameinamia kioo king'aacho, akauliza ni nani aliyekiwasha na kwa faida ya nani, je, huo ni ujinga? Kwangu mimi huo ni ujuzi wa kazi yake.

Wala jambo lenyewe si la mbali. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Chombo basi kimekwisha kuingia darasani, mkononi mwa mwalimu. Kutoka mkono huo hata mkono wa mwanafunzi ni hatua moja tu, na hatua hiyo ndiyo inayowakosesha wazazi usingizi.

Huuliza nini wazazi hawa? Maswali yao ni matatu. La kwanza: chombo hiki chaja kukaa mahali pa nini? Ikiwa watoto bado hugombania kitabu kimoja, mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini kioo kimetangulia. La pili: nani atalipa? Mkulima wa kahawa wa Mbinga hupata fedha kwa msimu. Bando huisha kwa siku. La tatu: nani atakayejua mambo ya mwanangu? Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Maana yake hofu hiyo ilionekana kuwa ya haki hata Dodoma.

Dunia nayo imekwisha kulipa gharama ya kuyapuuza maswali kama haya. Peru iliwagawia watoto wa shule kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2012 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za mashambani huko: haukuonekana ushahidi kwamba watoto walizidi katika hesabu wala katika lugha. Mwaka 2023 serikali ya Uswidi ilitenga fedha za kurudisha vitabu vilivyochapwa. Mwaka uo huo UNESCO, katika ripoti yake juu ya elimu duniani, iliuliza vyombo hivi hutumika kwa masharti ya nani. Ajabu iliyoje! Swali la UNESCO na swali la mzazi wa Nyasa ni moja. Lakini likitoka Paris huitwa hekima, likitoka Liuli huitwa ujinga.

Wapinzani wangu watasema kwamba mtoto wa Mbinga atashindana kesho na mtoto wa Dar es Salaam aliyezoea kompyuta; tena kwamba shule isiyo na maabara yaweza kumwonyesha mwanafunzi katika kioo jinsi moyo wa mwanadamu unavyopiga. Nakubali yote mawili. Sisemi taa izimwe. Nasema wavu uwe mkononi mwetu.

Na jambo hili tulipata kuliweza. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Redio haikuachwa iseme peke yake: palikuwa na kikundi, na kiongozi aliyefunzwa, na kijitabu. Watu wapatao milioni 2 walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Chombo kilikuwa mtumishi wa mkutano. Leo twaletewa chombo bila mkutano.

Mmatengo ajua thamani ya kufuata utaratibu. Katika ngoro zake mlimani majani hulazwa kwanza, miraba kwa miraba; kisha hufunikwa udongo; ndipo mbegu hupandwa. Atakayepanda kabla ya kulaza, mvua itamchukulia mbegu na udongo pamoja. Vivyo hivyo shuleni: mwalimu kwanza, kitabu kifuate, kioo kije baadaye.

Lakini mzazi naye asijifiche nyuma ya hoja zangu. Anayemtupia mtoto simu nyumbani ili anyamaze, kisha akailaumu shule, amewasha taa kwa mkono wake mwenyewe. Haki ya kuuliza huambatana na wajibu wa kulinda.

Basi chombo kisikabidhiwe mwanafunzi kabla wazazi hawajakutana na kamati ya shule, yakatajwa hadharani mambo haya matatu: kitakaa mahali pa nini, nani atalipa, na nani atatunza habari za mtoto. Wenye kukileta wakishindwa kujibu mbele ya wavuvi na wakulima, wajue kwamba hawakuwa na jibu hata mbele ya wasomi. Ila wasomi hawakuwauliza.