Kibano cha Kidole Hakijui Rangi Yetu

Fundi mmoja wa mitambo kutoka kiwanda cha hapa Thika aliingia kliniki kwangu akishikilia ukuta, akihema kama aliyepanda ghorofa sita. Nesi akambana kidole kwa kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Oksijeni: asilimia 94.

"Daktari, si umeona niko sawa? Niandikie dawa ya kifua nirudi kazini."

Nilihesabu pumzi zake, zikawa 34 kwa dakika. Sikungoja zaidi. Alipofika hospitali kubwa na damu ya ateri kupimwa, ilikuwa asilimia 85.

Wasomaji wengi walikijua kifaa hiki wakati wa korona. Wazo lake lilitolewa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Hupenyeza kidoleni mwanga wa aina mbili, mwekundu wa nanomita 660 na mwingine usioonekana wa nanomita 940. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza mianga hiyo kwa viwango tofauti, na kwa kulinganisha, kifaa hukisia asilimia. Shida ni kwamba rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga, na makisio hayo yalisawazishwa kwa watu wa kujitolea ambao wengi wao walikuwa weupe. Mnamo Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walitangaza matokeo yao: kati ya wagonjwa walioonyeshwa asilimia 92 hadi 96, weusi 11.7 kwa kila mia walikuwa kwa hakika chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa 3.6.

Msomaji atauliza, si watengeneze kipya? Watatengeneza, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Siku hizi baadhi ya vifaa vidogo vya mwanga havichorwi tena kwa mkono. Kompyuta hupewa lengo, nayo hubadilisha umbo kidogo kidogo, kila hatua ikihesabu mahali pa kuongeza silikoni na pa kupunguza. Mwaka 2015 Jelena Vučković na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kipande cha maikromita 2.8 kila upande, chembamba kuliko unywele mara ishirini hivi, kinachotenganisha mianga miwili. Ukikitazama kina mashimo mashimo kama ubao ulioliwa na mchwa. Hakuna mhandisi ambaye angekifikiria, lakini kinafanya kazi.

Mimi ni daktari wa kawaida, hesabu niliziacha zamani. Hata hivyo naelewa jambo hili: kompyuta hutimiza lile tu iliyoambiwa. Ikiambiwa ipunguze kosa la wastani, na vidole vingi vilivyo mbele yake ni vyeupe, itakitoa kafara kidole cheusi bila kusita, na wastani utapendeza. Afadhali iambiwe ipunguze kosa la yule anayepimwa vibaya kuliko wote. Wenye hesabu zao wanasema hilo lawezekana, ila kifaa huenda kikawa ghali kidogo. Nasi tungelipa, maana kitanda cha wagonjwa mahututi ni ghali zaidi.

Marekani kanuni za mwaka 2013 zilitaka angalau watu wawili weusi, au asilimia 15 ya wanaopimwa. Wawili! Januari 2025 wakatoa rasimu ya kanuni kali zaidi. Lakini kwa nini tungoje wengine? Juja hapo kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia, na Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna watu wanaotengeneza vipande vya silikoni. Vidole vyeusi tunavyo tele. Na Bodi ya Dawa na Sumu imtake kila mwagizaji aonyeshe kifaa chake kilipimwa kwa nani.

Msivitupe mlivyo navyo nyumbani, kwani vimeokoa wengi. Ondoa rangi ya kucha, pasha mkono joto, na umtazame mgonjwa mwenyewe: akishindwa kumaliza sentensi, mpeleke hospitali hata kifaa kikisema 97.

Yule fundi amekwisha rudi kazini. Juzi alikuja na kibano alichojinunulia Nairobi, akataka nimwambie kama ni kizuri. Tuligeuza sanduku pande zote sita. Rangi ya betri imeandikwa, ya ngozi haimo.