Kengele ya Mtaa ni Kazi ya Nani?

Ndugu Wafanya Kazi,

Wazee walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo." Siku hizi mbiu imeingia mfukoni. Karibu kila mmoja wetu ana simu, na habari za mvua kubwa au za barabara iliyofungwa humfikia humo. Hilo ni jambo jema na hatulipingi. Lakini twauliza: simu ikizima, nani atamwamsha mtu?

Twauliza kwa sababu ya yaliyotupata. Katika mvua za Aprili 2024, mwenzetu mmoja akaaye Mukuru, karibu na Mto Ngong, alitoka zamu akalala. Stima ilikuwa imepotea tangu mchana na simu yake imekwisha chaji. Ujumbe wa kuwaonya watu wa kando ya mito ulikuwa umetumwa, lakini yeye aliusoma siku ya pili, akiwa amekaa shuleni na watoto wake, vyombo vyote vimekwenda na maji. Aliyemwamsha usiku ule ni mama jirani, aliyepita mlango kwa mlango akipiga sufuria kwa mwiko. Kama si mama yule, tungalichanga pesa za mazishi.

Mvua za msimu ule ziliua watu zaidi ya 250 katika Kenya. Tarehe 29 Aprili 2024, huko Old Kijabe karibu na Mai Mahiu, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, mahali palipoziba handaki. Yalipasuka kabla ya mapambazuko yakachukua watu makumi kadhaa, wengi wakiwa vitandani. Sisi watu wa reli hatuwezi kusikia habari ile tukageuza uso. Na hapa Eastlands hatujasahau Sinai, 12 Septemba 2011. Petroli ilitiririka mferejini, watu wakaenda kuichota, na moto ukaua zaidi ya 100. Harufu iliwaita waje, badala ya kuwaambia wakimbie.

Kazi yetu yatufundisha jambo katika haya. Tangu zamani, stesheni masta hakulipa gari la moshi ruhusa ya kutoka mpaka stesheni ya mbele imejibu kwamba njia ni wazi, na jibu likaandikwa kitabuni pamoja na saa. Asipojibiwa, gari lilisimama. Hata leo katika redio, dereva huyarudia maneno aliyoambiwa ili ijulikane ameyasikia sawasawa. Kwenye reli, kimya maana yake ni simama. Kwenye mitaa yetu, simu ikinyamaza twasema usiku ni salama, tukalala. Ujumbe uliotumwa bado si ujumbe uliofika. Anayetuma asihesabu kazi yake imekwisha mpaka ajue nani ameupokea.

Wengine watasema kengele na bendera ni mambo ya kale. Basi watazame Bangladesh. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua huko watu wanaokadiriwa kufika 300,000 au zaidi. Tangu 1972 nchi ile ina watu wa kujitolea vijijini, ambao hutwaa bendera, vipaza sauti na ving'ora vya mkono, wakawaendea majirani zao nyumba kwa nyumba. Simu wanazo pia, lakini bendera hawakuzitupa.

Wengine watasema kengele itapigwa bure, na watu wataizoea. Neno hili lina kweli. Ndiyo maana yafaa kengele iwe na mtu wake, ijaribiwe siku moja inayojulikana kila mwezi, na mchezo wa kuipiga ovyo ukatazwe na mtaa wenyewe.

Basi twataka mambo matatu yaletwe mbele ya mkutano wa tawi. Kwanza, Chama kiombe vipande vya reli chakavu, vitundikwe kando ya mito katika mitaa tunayokaa. Wengi wetu tuliingia darasani kwa mlio wa kipande cha namna hiyo. Hakihitaji stima wala chaji. Pili, kila sehemu ichague watu wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, watakaopokea onyo, wajibu kwamba wamelipata, na kuwaamsha wengine. Tatu, maonyo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na yataje mtaa na mto, maana mtu akisoma "sehemu kadhaa za Nairobi" hudhani ni kwa wengine.

Hatungojei mtu mkubwa aje kutuanzishia. Yule mama wa Mukuru hakuwa na cheo wala mshahara kwa kazi ile. Tusimwachie peke yake sufuria na mwiko msimu ujao wa mvua.

Sisi wenzenu wa reli,
Eastlands, Nairobi.