Aliyeona Mbali Hakuwa Kichaa

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo msimulizi hueleza ulimwengu wa kubuni na wenzake wakajibu kwa maneno na dadu, kuna ubishi usiokwisha kwenye meza ninazozijua za Kericho na Bomet. Mhusika anapokutana na jambo lililozidi upeo wa binadamu, je, apewe wazimu?

Msimamo wangu ni huu. Ile hofu kubwa ya kugundua kwamba kuna nguvu zisizompenda wala kumchukia binadamu, zinazompita tu, ina nafasi mezani, na huku kwetu ina mizizi mirefu kuliko wengi wanavyodhani. Wazimu unaoletwa na dadu hauna nafasi. Hoja za kunipinga nazijua, na nitazijibu moja baada ya nyingine, ingawa si zote zinazostahili muda sawa.

Ya kwanza hutoka nje ya meza. Wazazi na baadhi ya wahubiri husema kwamba mchezo wenye mapepo na miungu ya kubuni humtia kijana kichaa. Dai hili lilizaliwa Marekani. Mwaka 1979 James Dallas Egbert, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan State, alitoweka, na zikaenea habari kwamba alipotelea kwenye mahandaki ya chuo akicheza Dungeons & Dragons. Ukweli ni kwamba kijana huyo alikuwa amezama katika huzuni na aliingia mle akitaka kujiua. Mwaka uliofuata alijiua. Mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe kwa njia hiyohiyo, Patricia Pulling, alianzisha chama cha kuupiga vita mchezo huo. Kenya nayo ilipitia hofu inayofanana na hiyo: mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Uhusiano kati ya mchezo na kujiua ulitafutwa na haukupatikana. Kinachoniuma katika kisa cha Egbert ni kwamba kijana aliyehitaji daktari alitungiwa hadithi ya mapango.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu wanaoitoa ni wachezaji wenzangu. Wanasema bila wazimu hofu hii haina meno. Wanarejea mwaka 1981, Sandy Petersen alipotunga Call of Cthulhu kwa kampuni ya Chaosium akifuata hadithi za H. P. Lovecraft. Humo kila mhusika ana alama za utimamu wa akili. Akiona kisichopaswa kuonekana, dadu hurushwa na alama hupungua. Zikiisha, mhusika si wa mchezaji tena. Dungeons & Dragons ilifuata njia hiyo katika kitabu cha msimulizi cha 2014, kwa majedwali ya wazimu wa muda mfupi, wa muda mrefu na usio na kikomo.

Petersen aligundua kitu cha kweli, sikatai. Katika kanuni zake, kadiri mhusika anavyozidi kuzijua siri za miungu ile, ndivyo kiwango cha juu cha utimamu wake kinavyoshuka. Kujua kuna gharama. Hilo ni wazo zuri mno na nimelihifadhi. Ila hebu irudie hadithi yenyewe ya Lovecraft iliyoupa mchezo jina, iliyochapishwa mwaka 1928. Baharia mmoja ndani yake anapagawa, ndiyo, lakini anayetusimulia hapagawi. Anafika mwisho akili yake ikiwa sawa, na mateso yake ni kwamba anajua, na kwamba wanaoilinda siri hiyo watamuua.

Mtu wa namna hiyo tunaye hapa jirani. Kimnyole arap Turukat alikuwa orkoiyot, kiongozi na mwonaji wa Wanandi, ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na desturi. Masimulizi yanasema alimwona nyoka wa chuma atemaye moto na moshi, akitoka kwenye maji ya mashariki kwenda kukata kiu yake katika ziwa la magharibi, na nyuma yake wageni watakaoichukua nchi. Mwaka 1890 watu wake mwenyewe walimuua kwa marungu, wakimtwika lawama za maafa yaliyowapata. Miaka 11 baadaye reli ilifika Kisumu. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani mpaka tarehe 19 Oktoba 1905, alipouawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani.

Kila kinachotafutwa na wapenzi wa hofu hii kimo humo. Kuna kitu kikubwa kinachokuja, kisichokujua jina. Kuna mtu mmoja aliyekiona, na jamii isiyoweza kuubeba ujumbe wake. Dadu ya wazimu ingeongeza nini hapo? Ingepunguza. Ukisema Kimnyole alichanganyikiwa, basi hakuona lolote, nyoka wa chuma akawa ndoto ya mgonjwa, na waliomuua wakawa wamefanya jambo la maana. Hofu yote ya kisa hiki inasimama juu ya utimamu wake.

Na anayetaka kitisho kisicho na historia ya watu ndani yake, Kericho ni miongoni mwa mahali duniani panaponyeshewa sana na mvua ya mawe. Mawe hushuka alasiri, mabati yakapiga kelele hata mtu asimsikie aliye mbele yake, na yakiisha unakuta chai ya shamba moja imebaki vijiti huku ya jirani haijaguswa hata chipukizi. Katika miaka ya 1960 roketi zilirushwa mawinguni kujaribu kuyazuia. Huhitaji kumvunja mhusika akili ili mchezaji ahisi udogo wake chini ya anga kama hiyo.

Wengine hukubali hapo, kisha husema: basi tumchukue chemosit awe mungu wetu wa kutisha. Nampenda chemosit, na kwa sababu nampenda nakataa. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi, alimwandika kama nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na matako tisa, kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa, akitembea kwa kuegemea fimbo iliyofanana na mkuki. Huimba gizani ili watoto wadhani kuna ngoma. Huyo ni zimwi, na ni zimwi zuri. Ana njaa, ana hila, anakutaka wewe hasa. Kiumbe anayekutaka hawezi kukufundisha hofu ya kutojaliwa. Mpeni pori la usiku na kundi la wahusika wachanga, atafanya kazi yake vizuri kabisa.

Hoja inayonikasirisha inafuata. Husemwa kwamba orkoiyot ndiye kiongozi kamili wa kundi la siri: ana ukoo wake, ana unabii, anaogopwa. Mweke mlimani, mpe mungu wa nje ya nyota, kazi imekwisha. Wanaosema hivi hudhani wanaupa mchezo sura ya Kiafrika. Sura hiyo iliandikwa na wengine zamani. Mwaka 1984 Chaosium ilichapisha Masks of Nyarlathotep, kazi ya Larry DiTillio na Lynn Willis, ambayo mpaka leo husifiwa kuwa miongoni mwa mifululizo bora ya visa katika historia ya michezo hii. Wahusika hufuata nyayo za msafara wa Wamarekani uliotoweka, kutoka New York hadi London, Cairo, Kenya na Shanghai, mwaka 1925. Hata Johnstone Kenyatta anatokea. Na miongoni mwa vipande vya magazeti ya kubuni anavyopewa mchezaji, kimojawapo kinaarifu kwamba Wanandi watano wamenyongwa kwa kosa la kuuangamiza msafara huo.

Watetezi hunijibu kwamba kitabu chenyewe kinaonyesha watano hao hawakuwa na hatia. Ni kweli, na ni heri kimefanya hivyo. Lakini wenye hatia wanageuka kuwa Waafrika wengine, waabudu damu wa mlimani, na serikali iliyonyonga watu watano bure inabaki kuwa mandhari. Hakuna kisa kinachomwuliza hakimu kitu. Watano hao hawana majina, hawana wake, hawana ng'ombe waliobaki zizini.

Sasa tazama mwaka huohuo wa 1925 nje ya kitabu. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikuwa kizuizini tangu 1923, na angebaki mikononi mwa serikali kwa zaidi ya miaka 35. Kwa Wakipsigis, orkoiyot Kipchomber arap Koilegen na ndugu zake walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa nguvu tangu 1914. Katika vilima vya Kericho kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zinaanza kupanda chai. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1934 ya kuwaondoa Malaibon, yaani waonaji hao: sheria iliyotungwa dhidi ya ukoo mmoja, Talai, ukoo wa orkoiyot. Vikongwe na watoto wachanga walichukuliwa pamoja na watu wazima, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, penye malaria na mbung'o. Sababu iliyotolewa ilikuwa hiyohiyo unayotaka kuiweka mezani: kwamba ni ukoo wa wachawi wanaochochea watu kwa siri. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao juu ya Wakipsigis na Talai waliopokonywa ardhi, na mwaka 2022 malalamiko yao yalifikishwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Wazee waliozaliwa Gwassi tunaishi nao. Wajukuu wao huenda wamekaa kwenye meza yako.

Anayetaka nguvu kubwa isiyojali hana haja ya mungu mwenye mikia. Niliwahi kuweka mezani ufalme wa vilima wenye ukungu, nikawapa wachezaji waraka wenye muhuri, umeandikwa vizuri, bila tusi hata moja, unaotaja familia moja: wote, mpaka watakaozaliwa. Walimtafuta adui wa kupigana naye. Kila afisa waliyemfikia alikuwa mpole, alikuwa ameupokea waraka kutoka kwa mwingine, na hakuwahi kufika vilimani. Upanga haukuwa na kazi. Sijawahi kuona wachezaji wakiogopa kama usiku ule, na hakuna aliyerusha dadu ya wazimu. Jina la Talai sikulitumia, wala sitalitumia. Ni watu walio hai, wenye madai yaliyo hai.

Inabaki hoja ya kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba kuigiza kichaa hufundisha huruma. Nchini mwetu neno kichaa limewahi kuwa muhuri wa serikali. Mathari, iliyoanza kama hospitali ya vichaa ya Nairobi mwaka 1910, ndiko alikofungiwa Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa mwaka 1945, kwa kuwa alikataa kutii wakoloni. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali hiyo kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1954 kitabu kilichoieleza Mau Mau kama tatizo la akili za Wakikuyu, kana kwamba ardhi haikuwa suala. Na kwa mgonjwa halisi mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na kujaribu kujiua kulibaki kosa la jinai mpaka Mahakama Kuu ilipotangua kifungu cha sheria kilichohusika Januari 2025.

Huruma haitokani na jedwali. Katika lile la wazimu la Dungeons & Dragons la 2014 kuna tokeo linalomfanya mhusika aamini kwamba ulevi ndio unaomweka timamu. Lisome kwa sauti mbele ya kijana ambaye baba yake amemalizwa na chang'aa, halafu uniambie nani amejifunza nini. Ugonjwa hauji kwa kumwona jini na hauondoki kwa uganga wa daraja la tano. Wachapishaji wa Dungeons & Dragons wenyewe, katika kitabu chao cha Ravenloft cha 2021, waliacha wazimu wakaweka kanuni za hofu na msongo.

Kuhusu kadi ya kusimamisha mchezo, ile aliyoibuni John Stavropoulos, ambayo mchezaji huigusa na jambo likaachwa bila maswali: husemwa kwamba huua hofu. Uzoefu wangu ni kinyume. Watu husogea karibu na giza wakijua wanaweza kurudi.

Badala ya alama za utimamu, kwenye laha ya kila mhusika mezani kwangu kuna orodha ya watu wanaomwamini: mke, kaka, mwalimu, mzee wa kijiji. Akiona lililozidi upeo, harushi dadu. Anachagua atamwambia nani, na hapo ndipo dadu inarushwa, kuona kama ataaminiwa. Ikikataa, jina linakatwa. Kunyamaza kunaruhusiwa, ila aliyenyamaziwa hatakuwa tayari jambo litakapofika. Wengine hunipinga kwamba mhusika aliyekatiwa majina yote hachezeki tena. Anachezeka. Ana akili zake zote, anajua siku na njia ambayo kitu kile kitapitia, na mchezaji wake anapaswa kuamua kama atakwenda barazani kusema mbele ya wenye marungu.