Jua la maabara na stima ya Kariobangi

MTAA NA TAIFA
Na Rehema Wanjiru

Fundi wa Kariobangi Light Industries anayeyeyusha alumini chakavu ili asubu sufuria huhitaji joto la nyuzi 660 hivi, na kalibu yake huliwa na moto huo hadi aitupe. Wanaotafuta nishati ya muungano wa viini vya atomu, ile inayowaka ndani ya jua, wanashughulika na nyuzi milioni 150. Hakuna chombo kinachostahimili kuguswa na moto huo. Katika mitambo mingi huzuiliwa kwa sumaku usiguse kuta, na bado nyutroni zinazochomoka humo huzidhoofisha kuta zenyewe.

Hatua zimepigwa, na si haki kuzibeza. Desemba 5, 2022, maabara ya Lawrence Livermore kule California ilipiga tembe ndogo ya haidrojeni kwa leza za megajuli 2.05 ikavuna 3.15. Ila kuziwasha leza hizo kulikula takriban megajuli 300 za gridi! Mtambo wa muungano wa ITER nchini Ufaransa, uliotarajiwa kuwashwa 2025, umesogezwa hadi 2034, na majaribio ya mafuta kamili hadi 2039. Kampuni za kibinafsi zinaahidi mapema zaidi. Nitaziamini zikiuza uniti ya kwanza.

Tusichanganye mambo. Kinu cha nyuklia ambacho Kenya inapangia 2034 ni cha kupasua viini vya urani, na taka zake hutunzwa maelfu ya miaka.

Joto letu liko ardhini, Olkaria. Visima vya kwanza vilichimbwa 1956, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukatoa umeme 1981. Robo karne nzima ya subira! Leo mvuke hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wetu. Hata hivyo, hapa Kariobangi welda yuko katikati ya kuchomelea geti, stima inapotea. Anavua miwani, anaweka kishikio chini, na mwenye geti anauliza atalichukua lini. Mara nyingi tatizo si uhaba wa mvuke, ni transfoma iliyozidiwa na nyaya zilizochoka.

Vijana wetu waisome fizikia hii ya muungano kwa bidii, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi ifadhiliwe ipasavyo. Pesa za stima, nazo, ziende kwenye visima vya mvuke vya Menengai na kwenye transfoma za mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia bajeti ijayo.