Mizani ya Pamba Hukaguliwa, Akili Mnemba ya Daktari Je?

Mnunuzi wa pamba wa Bariadi, Maswa au Itilima haruhusiwi kumpimia mkulima kwa mizani isiyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mizani ikipunja, mkulima hupoteza fedha. Kipimo cha dawa kikikosewa, mgonjwa aweza kupoteza maisha.

Leo daktari yeyote mwenye simu na bando anaweza kuiuliza ChatGPT au Gemini kuhusu dawa. Jibu huja upesi, kwa lugha ya kujiamini, liwe sahihi au la. Kupiga marufuku hakutafaa, kwani simu iko mfukoni. Linalotakiwa ni kumfundisha mtumiaji.

Ushahidi upo kwa jirani zetu. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti katika zahanati 15 za Penda Health, Nairobi, uliofanywa pamoja na kampuni ya OpenAI ya Marekani. Wagonjwa walihudumiwa karibu mara 40,000. Programu ilisoma maandishi ya tabibu na kumwonyesha rangi: kijani, njano au nyekundu ya hatari. Uamuzi ulibaki kwake. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13, yakilinganishwa na ya matabibu wasio na programu hiyo.

Ni kweli, mwenye bidhaa alishiriki kuipima. Lakini somo kubwa ni hili: mwanzoni rangi nyekundu nyingi zilipuuzwa. Mambo yalibadilika pale matabibu walipofundishwa, wakafuatiliwa na kusaidiwa na wenzao.

Kwa hiyo, wenye zahanati na vituo binafsi mkoani Simiyu watenge fungu la mafunzo kabla ya kununua programu yoyote. Mafunzo hayo yaanze na mambo matatu.

Kwanza, jina, namba ya simu, namba ya jalada na picha ya mgonjwa visiingizwe katika programu hizi za kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na imeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi.

Pili, kila kipimo cha dawa kilinganishwe na Mwongozo wa Matibabu wa Taifa, na mtoto apimwe uzito kwanza. Programu haimwoni mtoto. Hujibu kwa kilo ilizoandikiwa.

Tatu, mgonjwa anayejieleza kwa Kisukuma asikilizwe hadi mwisho. Maelezo yakikatwa wakati wa kutafsiri, programu hujibu ugonjwa mwingine.

Gharama ya mafunzo hayo ni siku moja ya kazi na posho ya mkufunzi. Mwenye zahanati anayeiona kubwa ajiulize atamjibu nini mzazi, maana sahihi kwenye cheti cha dawa ni ya daktari wake, si ya simu.