Mikumi Hujaiona, Shemeji

Mdogo wa mke wangu alishuka Kilosa kwa treni ya SGR Ijumaa iliyopita akiwa na begi moja na mpango mmoja: mwezi wa nane anawapeleka mke na watoto Serengeti, safari yao ya kwanza ya kuona wanyama. Anataka nyumbu wanaovuka Mto Mara, kama kwenye televisheni. Hesabu ameshaipiga kwenye simu. Nauli, gari la kukodi, hoteli za siku nne. Jumla yake ni mamilioni yaliyonifanya niache kutafuna. Nikamuuliza kwa upole kwa nini asianze na Mikumi, hapa hapa wilayani kwetu. Akacheka.

"Shemeji, Mikumi si pale barabarani? Nimeiona zaidi ya mara ishirini. Tena bure!"

Chai ikanipalia.

Wala si yeye peke yake. Nenda stendi ya Msamvu mjini Morogoro, uliza abiria wa Iringa na Mbeya. Kila mmoja atakwambia Mikumi anaijua. Anachokijua ni lami. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa kilomita kama 50 tu, na hifadhi ina kilomita za mraba 3,230. Mtu kaona uzi mmoja, anakusimulia kanga nzima hadi maandishi yake.

Na huo uzi wenyewe anauonaje? Nusu ya njia amelala mdomo wazi. Nusu nyingine anatazama filamu ya ngumi iliyowekwa na kondakta tangu Chalinze, kwa sauti ya kumkimbiza hata fisi. (Sijui nani aliwaambia wenye mabasi kwamba Mtanzania hawezi kusafiri bila kuona watu wakivunjana taya.) Ghafla mtu anapiga kelele, "Tembo!" Basi zima linahamia upande mmoja, simu juu, na kinachopatikana ni picha ya kioo chenye vumbi na kitu cha kijivu ambacho kinaweza kuwa tembo au kichuguu. Basi huyo ndiye ameiona Mikumi.

Shemeji akajitetea kwamba twiga aliwaona vizuri kabisa, tena watatu. Sawa. Na mimi nikiwa kwenye pantoni ya Kigamboni huwa naiona Ikulu vizuri kabisa. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nimekunywa chai na Rais.

Uwanda wa Mkata, huko ndani ya hifadhi, umeuona? Hilo ndilo swali langu, na nitaliuliza mpaka mnichoke. Ukishaingia geti la Kikoboga, asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani, gari linatambaa, hakuna lori linalokusukuma nyuma. Ukifika bwawa la viboko unazima injini na kuwasikia wakikoroma kama wazee baada ya ubwabwa wa msibani. Pofu, mkubwa kuliko swala wote wa Mikumi, hana hamu ya kusimama kando ya lami akipigiwa honi. Ni mwoga, yuko huko ndani. Nyumbu pia wapo, ila hawana Mto Mara wa kuwatoa kwenye televisheni. Hata jina lenyewe la Mikumi abiria hajui lilikotoka: mkumi ni ule mvumo mrefu wenye majani kama kipepeo cha kupepea moto. Amepita mara ishirini na zaidi, hajauliza.

Halafu linakuja suala la pesa. Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima ni shilingi 5,900, VAT ikiwa ndani. Watu walewale wanaoiona nyingi wananunua chipsi za baridi njiani kwa bei inayokaribia hiyo bila kununa. Na harusi je? Mwaka huu nimechangia harusi nne, mbili kati ya hizo za watu ambao nikipishana nao sokoni siwatambui, na hakuna kamati iliyonipokea chini ya elfu hamsini. Hapo hakuna anayesema harusi ameshaiona kwa nje ya ukumbi.

Wilaya hii ya Kilosa ina historia mbaya na vitu vyake. Ni hapa Msowero ambako mwaka 1884 Chifu Mangungo alitia alama kwenye karatasi ya Mjerumani Karl Peters iliyomnyang'anya nchi yake, na kila mwanafunzi wa Tanzania amefundishwa kumcheka. Mzee wa watu alikuwa hajui kilichoandikwa. Sisi tunajua, kiingilio kimebandikwa getini kwa Kiswahili, na bado tunapita.

Atakayenisikia ajue haya machache. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika tope jeusi la Mkata linameza magurudumu. Kodini gari watu watano au sita, mgawane. Malipo ni kwa namba ya malipo, usifike na noti mfukoni ukaanza kugombana na askari. Na watoto wabebe darubini, hata ya kuazima.

Sisi tunaondoka Kilosa Jumamosi saa tisa usiku ili geti likifunguliwa saa kumi na mbili litukute pale. Kiti kimoja kimebaki, nilimwekea shemeji. Amesema hawezi, siku hiyo ana safari ya Mbeya kwa basi la asubuhi, atapita hifadhini mchana. Kwa hesabu yake, ataiona tena Mikumi.